Kanuni iliyozima redio ya kituo: uchambuzi wa kisa cha swichi za mtandao Pemba

Kisa hiki kinahusu taasisi moja yenye ofisi kuu mjini Unguja na vituo vitatu Pemba: Mkoani, Chake Chake na Wete. Jina la taasisi, majina ya watu na baadhi ya maelezo ya majengo yameondolewa. Upande wa ufundi nimeuacha kama ulivyokuwa, kwa sababu mafundi wengi wa visiwani wanafanya kazi katika mazingira kama haya na wanaweza kukutana na jambo hili hili kesho.

## Hali ilivyokuwa

Mafundi wote wa mtandao wa taasisi hii wanakaa Unguja. Vituo vya Pemba vina makarani, watunza stoo na walinzi, lakini havina fundi. Kwa miaka mingi vilitumia swichi ndogo (viboksi vinavyounganisha kompyuta za ofisi kwa waya) zisizo na usanidi, yaani mipangilio, zile unazozichomeka kwenye umeme zikaanza kupitisha data. Zikiwa nzima hazina shida. Zikileta tatizo hazina pa kuingilia wala kumbukumbu ya matukio ya kusoma.

Matatizo yenyewe yalijirudia. La kwanza ni kitanzi. Ofisi inafagiliwa, meza zinasogezwa, mtu anaona ncha ya waya iko chini na anaichomeka kwenye tundu la ukutani ili isikanyagwe, asijue kwamba ncha ya pili tayari imo kwenye tundu la jirani. Fremu za Ethernet, yaani vifurushi vya data vya mtandao wa ndani, zinazotumwa kwa wote zinaanza kuzunguka. Pakiti ya IP ina hesabu inayopungua kila inapopita kwenye ruta mpaka inakufa, lakini fremu haina hesabu hiyo, kwa hiyo inazunguka na kunakiliwa bila kikomo. Sekunde chache tu, na kituo kizima hakina mtandao.

La pili ni umeme. Ukikatika na kurudi kwa kusitasita, vifaa vya Wi-Fi vya darini huwaka lakini hubaki vimeganda mpaka mtu avizime na kuviwasha tena.

Dawa ya yote mawili ilikuwa simu Unguja, kisha fundi apande boti mpaka Mkoani au ndege mpaka uwanja wa Chake Chake. Anafika, anachomoa waya mmoja, anarudi. Kusi likichachamaa safari yenyewe inangoja, na wananchi waliokuja kuhudumiwa wanaambiwa mtandao haupo.

## Kilichoamuliwa mwanzoni

Taasisi ilinunua swichi za Cisco za familia ya Catalyst, zenye programu endeshi ya IOS XE na uwezo wa kutoa umeme kwenye waya wa mtandao kwa kiwango cha 802.3at, yaani hadi wati 30 kwa tundu. Mambo mawili yaliwavutia. Swichi hizi zinaweza kujisanidi zenyewe zinapowashwa mara ya kwanza. Tena zina chombo cha ndani kinachoitwa Embedded Event Manager, EEM kwa kifupi, kinachokuwezesha kuandika kanuni: likitokea jambo fulani, fanya jambo fulani. Tukio linaweza kuwa mstari kwenye kumbukumbu, saa kufika, hesabu ya makosa kwenye tundu, au hali ya kifaa kubadilika.

Kuhusu usanidi wa mwanzo, palikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kusanidi kila swichi Unguja na kuipeleka tayari. Ni rahisi, na timu nyingi zingeishia hapo. Hawa waliikataa kwa hoja nzuri: swichi ikiungua Wete, ile ya akiba lazima iandaliwe upya na fundi, na tumerudi kwenye boti. Walitaka akiba moja ikae stoo Pemba, isiyo na chochote ndani, iweze kuchukua nafasi ya swichi yoyote kati ya hizo tatu.

Njia ya pili ilikuwa Smart Install, huduma ya Cisco ya zamani ambayo bado ilikuwa imewashwa kwenye swichi kuukuu za makao makuu. Hii waliikataa kwa usalama. Udhaifu wake uliotangazwa Machi 2018 kwa namba CVE-2018-0171 unamwezesha mtu asiye na nenosiri lolote kuishambulia swichi kupitia mlango wa TCP namba 4786. Badala ya kuitumia, waliizima kwenye swichi zote zilizobaki nayo. Hata kama mradi mzima ungekufa siku hiyo, kazi hiyo peke yake ingekuwa faida.

Iliyochaguliwa ni ya tatu. Swichi isiyo na usanidi uliohifadhiwa huomba anwani kwa DHCP, utaratibu wa kugawa anwani kwa vifaa vinavyojiunga na mtandao. Seva ikijibu, pamoja na anwani inaweza kutaja seva ya TFTP, yaani ya kugawa faili, kupitia chaguo namba 150 na jina la faili kupitia chaguo namba 67. Swichi inaichukua faili na kuitekeleza. Kila kituo kilipewa safu yake ya anwani, na kila safu ilitaja faili ya kituo chake. Kwa hiyo swichi tupu ikichomekwa Mkoani inakuwa ya Mkoani, ikichomekwa Wete inakuwa ya Wete.

TFTP haina nenosiri wala haifichi kinachopita. Faili ya mwanzo kwa sababu hiyo iliandikwa nyembamba: jina la swichi, mtandao wa usimamizi, anwani ya seva ya kumbukumbu, na akaunti ya muda. Usanidi kamili na manenosiri ya kudumu vilipelekwa baadaye kwa SSH, njia ya kuingia kwenye swichi kutoka mbali inayoficha kinachopita.

## Mezani Unguja

Majaribio ya mezani yalifichua mitego miwili ambayo nafikiri kila anayetaka kuanza kazi hii aijue kabla.

Mtego wa kwanza uko kwenye SSH. Funguo za RSA, ambazo SSH inazihitaji, hazikai ndani ya maandishi ya usanidi, hutengenezwa ndani ya swichi yenyewe, na kabla ya hapo swichi lazima iwe na jina na jina la kikoa. Juu ya hayo, usanidi ulioletwa kwa njia hii unakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukikatika kabla haujahifadhiwa, swichi inaamka tupu tena. Timu iliweka ndani ya faili ya mwanzo kanuni ndogo ya EEM: subiri muda kidogo baada ya kuanza, tengeneza funguo za biti 2048, jifute mwenyewe kwenye usanidi, hifadhi kila kitu, kisha tuma mstari mmoja wa kumbukumbu Unguja usemao kituo kiko tayari. Ni kanuni inayofanya kazi mara moja katika maisha yake, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika kisa hiki.

Mtego wa pili ulikuwa kwenye kanuni ya kuviamsha vifaa vya Wi-Fi vilivyoganda. Kanuni ilikata umeme kwenye tundu, ikasubiri sekunde 30, ikarudisha. Mezani ilikata umeme vizuri kabisa, na haikuurudisha. Kanuni ya EEM ina muda wa juu wa kuishi, na usipoutaja ni sekunde 20. Kanuni iliuawa katikati ya kusubiri, tundu likabaki gizani. Kusubiri kukapunguzwa hadi sekunde 10, na muda wa kuishi ukaandikwa waziwazi kuwa mrefu zaidi.

Angalia lililotokea hapo: kanuni iliyokusudiwa kutengeneza iliacha kitu kimezimwa. Mezani lilionekana kosa la namba, likarekebishwa, wakaendelea.

## Mkoani na Chake Chake

Swichi zilisafiri kwa boti, kila boksi na karatasi yenye picha na hatua nne: fungua, chomeka waya wa bluu kwenye tundu lenye kibandiko, chomeka umeme, piga simu. Mkoani palikwenda kama palivyopangwa. Mtunza stoo alipiga simu kusema taa zinawaka, na muda mfupi baadaye ule mstari wa kituo kiko tayari ukaingia Unguja.

Chake Chake karani alipiga simu mchana akasema mambo mazuri, mtandao unafanya kazi, watu wanaendelea na shughuli zao. Alisema kweli. Ila mstari haukuingia.

Hili ndilo jambo ambalo lingepita kimya kabisa kama timu isingekuwa na orodha ya vituo iliyobandikwa ukutani na kuwekwa alama kwa mkono. Swichi tupu inapitisha data. Matundu yake yote yamo kwenye VLAN 1, yaani mtandao mmoja wa ndani, kila kompyuta inaongea na mwenzake, na mtumiaji haoni tofauti yoyote. Kilichokosekana ni usanidi, ulinzi unaofunga tundu lenye kitanzi, na uwezo wa kuifikia kutoka mbali. Hakuna kanuni ya EEM ambayo ingelisema hilo, kwa sababu kanuni zenyewe zilikuwa kwenye faili ambayo haikufika.

Chanzo kilikuwa ruta ndogo ya nyumbani ambayo mfanyakazi mmoja aliileta zamani ili apate Wi-Fi chumbani kwake. Ilikuwa inagawa anwani kwa DHCP, na iko karibu, kwa hiyo ilijibu kabla ya seva ya Unguja. Swichi ilipata anwani isiyo na seva wala jina la faili, ikabaki inatafuta.

Timu ilimwomba karani achomoe waya zote isipokuwa ule wa bluu, azime swichi, aiwashe, asubiri mpaka apigiwe. Safari hii faili ilifika. Baada ya usanidi kamili kuingia, swichi ilifungwa isikubali majibu ya DHCP kutoka tundu lolote isipokuwa lile la kuelekea nje, na ruta ile ikapoteza sauti. Mwenye nayo hakukasirika: alipewa Wi-Fi ya ofisi, na hicho ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo.

Hatua ya kuchomoa waya nyingine zote iliongezwa kwenye karatasi kabla ya boksi la Wete kuondoka.

## Kitanzi cha masjala

Faida ilionekana mapema, na Chake Chake hapo hapo. Siku moja ya usafi, waya ulichomekwa ncha zote mbili ukutani kwenye chumba cha masjala. Zamani kituo kingelala. Safari hii swichi ilipokea kwenye tundu la pili ule ujumbe wake wa kuzuia vitanzi ilioutoa tundu la kwanza, na ulinzi wa BPDU (ndilo jina la ujumbe huo) ukalifunga tundu papo hapo. Kanuni ya EEM iliona mstari wa tundu kufungwa, ikasoma maelezo yaliyoandikwa kwenye usanidi wa tundu hilo, ikatuma Unguja ujumbe wenye jina la chumba na namba ya tundu.

Fundi alipiga simu masjala. Karani alikuwa hajajua kama kuna lolote. Aliinama, akakuta waya, akauchomoa. Tundu lilijifungua lenyewe baada ya sekunde 300, muda wa kawaida wa Cisco ukishaiwasha huduma ya kujirejesha. Usipoiwasha, tundu linabaki limefungwa mpaka fundi aingie.

Kazi kubwa hapa haikufanywa na EEM. Ulinzi wa BPDU ungelifunga tundu hata bila kanuni yoyote. Kanuni iliongeza jina la chumba, na jina la chumba ndilo lililomwezesha mtu asiye fundi kumaliza tatizo. Aliyekaa akaandika maelezo ya kila tundu, chumba kwa chumba, alifanya kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyozaa matunda.

## Usiku wa Wete

Wete inaunganishwa na Chake Chake kwa redio ya masafa iliyo juu ya mlingoti. Kwenye mchoro wa timu, redio hiyo ilipata umeme kutoka kiboksi chake cheusi kilichokuja nayo. Mkandarasi aliyeifunga aliona swichi mpya inatoa umeme wa kutosha, akaichomeka moja kwa moja kwenye tundu la nane, na kiboksi akakiacha stoo ndani ya mfuko wake. Kwa mtu aliyesimama pale lilikuwa jambo la busara: kitu kimoja kidogo cha kuharibika, na redio inapata hifadhi ya UPS ya swichi, yaani betri inayoshikilia umeme ukikatika. Hakuna aliyeuliza, na mchoro haukubadilika.

Kanuni ya Wi-Fi iliyowekwa Wete ilifanya kazi kila dakika moja. Ilijaribu kuifikia seva ya Unguja inayosimamia vifaa vya Wi-Fi. Isipojibu, ilichukulia kwamba vifaa vimeganda, ikakata umeme kwenye matundu manane ya mwanzo, ikasubiri sekunde 10, ikarudisha. Seva ilichaguliwa kuwa kipimo kwa sababu vifaa vya darini hupewa anwani kwa DHCP na anwani hizo zinabadilika, ilhali seva ina anwani moja ya kudumu.

Usiku mmoja, mnamo saa nane, umeme ulikatika kidogo upande wa Chake Chake na ncha ya pili ya redio ikazimika. Ulirudi baada ya dakika chache. Lakini Wete kanuni ilikuwa imeshaanza. Seva haikujibu, umeme ukakatwa, na redio ya Wete ikazimika pamoja na vifaa vya Wi-Fi. Redio huchukua zaidi ya dakika moja kuamka na kuunganika. Kabla haijamaliza, dakika nyingine ilifika, seva haikujibu, umeme ukakatwa tena. Ikawa hivyo mpaka asubuhi.

Karani alifungua ofisi saa mbili na kukuta hakuna mtandao. Kutoka Unguja, Wete ilikuwa haifikiki kabisa. Dhana ya kwanza ya timu ilikuwa redio imeungua, na mtu alianza kuulizia boti na redio ya akiba. Kabla ya kukata tiketi, fundi kijana wa timu alimpigia mtunza stoo, mzee anayeheshimika pale kituoni.

"Asalaam alaykum, ami. Hebu nitazamie taa ya ile redio, inawaka vipi?"

"Waalaykum salaam, mwanangu. Inawaka, halafu inazimika. Nimeihesabu kwa tasbihi hii. Kila mara inafika karibu pale pale, inazimika."

Kijana alimwomba ahesabu tena naye akiwa kwenye simu, yeye akitazama saa. Zilikuwa sekunde sitini, na safari ya pili sitini. Hapo alisimamisha suala la boti. Kifaa kilichoungua au waya uliolegea hauzimi kwa saa. Kinachojirudia kila dakika kamili kimeagizwa na programu, na ndani ya kabati lile palikuwa na programu moja tu inayohesabu dakika.

Kujua chanzo hakukutosha, kwani hapakuwa na njia ya kuingia kwenye swichi. Walitazama walichonacho. Kuizima na kuiwasha swichi kungempa kila mtu matumaini ya dakika moja: kanuni ilikuwa imehifadhiwa, ingeanza upya. Kuunganisha kompyuta kwa waya wa konsoli, ule unaoingia moja kwa moja kwenye swichi bila kupitia mtandao, kungewezekana, ila waya huo haukuwepo Wete na karani angehitaji kuongozwa amri kwa amri. Kuhamisha redio kwenye tundu lililo nje ya yale manane kungefaa pia, lakini hakuna aliyekuwa na hakika tundu lipi limesanidiwa kupitisha mitandao yote.

Ndipo mtu akakumbuka kiboksi cheusi. Mzee alikijua kilipo, maana stoo ni yake na kila kilichoingia kimeandikwa kwenye daftari. Alikichomeka kwenye umeme wa ukutani, waya wa redio ukaingia upande mmoja na waya wa swichi upande wa pili. Swichi iliendelea kukata umeme kila dakika, lakini redio haikuutegemea tena. Baada ya muda mfupi Wete ilionekana Unguja, fundi akaingia kwa SSH na kuiondoa kanuni.

## Kusoma kumbukumbu

Kanuni nyingine, ya kuandika tu, ilikuwa ikihifadhi kumbukumbu kwenye hifadhi ya ndani ya swichi kila njia ya nje inapokatika. Shukrani kwa hiyo, usiku mzima ulisomeka. Lakini usomaji ulichelewa kwa jambo dogo: swichi ilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, kama inavyotoka kiwandani. Mlinzi alisema umeme uliyumba saa nane usiku, yaani 02:00 kwa saa za Afrika Mashariki. Kumbukumbu zilionesha matukio ya 23:00, tena kwa tarehe ya jana yake. Kwa muda watu wawili wa timu waliamini wanasoma tukio tofauti. Ukanda wa saa uliwekwa kwenye faili ya mwanzo siku hiyo hiyo, pamoja na seva ya NTP ya kusahihisha saa.

## Kilichobadilishwa

Timu iliondoa kanuni zote zinazokata umeme kwenye vituo vyote vitatu. Zilibaki za kuandika na kutuma ujumbe. Kutoka Unguja iliwekwa kazi ya kinyume: kila kituo kinatakiwa kutuma mstari wa salamu kila baada ya muda uliowekwa, na usipofika ndipo kengele inalia makao makuu. Mchoro wa kila kituo ulilinganishwa na hali halisi kwa kutumia swichi yenyewe, kwa sababu swichi inajua ni kifaa gani kiko kila tundu kwa LLDP, ujumbe ambao kifaa hutuma kujitambulisha, na inakipa wati ngapi. Tofauti nyingine mbili ndogo zilipatikana humo. Redio ya Wete ilibaki kwenye kiboksi chake, nacho kikahamishiwa kwenye UPS. Waya wa konsoli ulipelekwa kila kituo na kufungiwa ndani ya kabati.

Safari za boti kwa ajili ya waya mmoja hazijarudi.

## Uchambuzi

Kujisanidi kwa mara ya kwanza kulifanya kazi, na sababu yake naiona kwenye karatasi ya hatua nne zaidi ya teknolojia. Mtu asiye fundi alipewa kazi anayoiweza na kipimo kimoja cha kujua imekwisha: simu. Udhaifu ulikuwa kwamba kipimo cha mtu wa Pemba kilikuwa kuwepo kwa mtandao, na swichi tupu hutoa mtandao vile vile. Faili ya mwanzo inaweza kutoa dalili inayoonekana pale kituoni. Kwenye swichi nyingi za Catalyst kuna taa ya utambulisho inayoweza kuwashwa kwa amri. Kanuni ya mwanzo ikiiwasha mwishoni mwa kazi yake, karani anaiona bila kuuliza Unguja.

Kisa cha Chake Chake kinaonesha mpaka wa aina hii ya ugunduzi. Swichi hugundua lililotokea kwake. Lililotakiwa kutokea na halikutokea linahitaji mtu au seva nyingine inayolisubiri. Timu ilikuwa nalo kwa bahati, kwenye karatasi ya ukutani, na ilichukua usiku wa Wete ndipo likawekwa kwenye mashine. Ningeliweka kwanza, kabla ya kanuni yoyote ya EEM.

Kuhusu kanuni ya Wi-Fi, makosa yalikuwa matatu na lolote kati yake, peke yake, lingevumilika. Kipimo kilikuwa mbali na kinachopimwa: seva ya Unguja isipofikika, sababu zinazowezekana ni nyingi, na kuganda kwa kifaa cha darini ni mojawapo tu. Kitendo kiligusa matundu manane bila kuuliza kila tundu lina nini. Na hapakuwa na kikomo. Hili la tatu ndilo ninaloliona zito zaidi. Fundi aliyesimama mbele ya kabati angezima kifaa mara moja, pengine mara ya pili, kisha angeacha na kufikiri. Kanuni iliruhusiwa kufanya zaidi ya mara mia tatu kile ambacho hakuna binadamu angekifanya mara kumi. Ule mtego wa sekunde 20 wa mezani ulikuwa umeshaonesha kwamba kanuni hii inaweza kuacha kitu kimezimwa, na jibu lilikuwa kurekebisha namba, bila kuuliza itakuwaje ikizima kitu ambacho yenyewe inakitegemea.

Hata hivyo, siafikiani na uamuzi wa kuondoa kanuni zote za kukata umeme. Vifaa vya Wi-Fi bado vinaganda umeme ukiyumba, na sasa mtunza stoo wa Wete anapanda kiti kuvichomoa darini. Kanuni inaweza kurudi ikiandikwa vingine. Ipime tundu moja kwa moja: kifaa kimechukua umeme lakini hakijajitambulisha kwa LLDP ndani ya dakika tano. Ikate tundu hilo tu. Ijaribu mara mbili, ikishindwa iandike na iache mpaka mtu aingie. Ikatae kabisa kugusa tundu lolote ambalo maelezo yake yana neno njia, neno ambalo tayari limeandikwa kwenye matundu yote ya kuelekea nje. Na kwa wiki kadhaa za mwanzo iandike tu ingefanya nini, bila kufanya, ili timu ilinganishe na kilichotokea kweli.

Timu imekubali kuijaribu kwa sharti hilo la mwisho, Mkoani peke yake, masika yajayo, wakati umeme unapoyumba zaidi. Swichi tupu ya akiba iko stoo Chake Chake, na karatasi yake mpya ina hatua sita.